Sumaku ya Diski ya Zamani

Usiseme nilikuwa nimelewa, mimi hata bia sijui ladha yake. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, Chang'ombe ya Dodoma, jua linachoma bati. Niamini, haya yamenipata mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Akaja dada mmoja mwembamba, akasema anasoma chuo, kule Chimwaga. Laptop yake ilikuwa haiwaki. Nikaisikiliza, diski inagonga ndani ko, ko, ko. Nikamwambia diski imekufa, nitaweka mpya na kupiga windo upya, yaani kuingiza Windows, lakini vilivyomo avisahau.

Akasema, "Kaka, ya zamani usiifungue. Nimemrekodia mama maneno humo. Akija, mpe yeye."

Nikaitikia, akili yangu iko kwenye kazi. Windo ilipofika mahali pa kuandika jina la mwenye mashine, akaomba aandike mwenyewe. Unaujua upepo wetu wa Dodoma? Ulikuwa umemwaga vumbi jekundu juu ya kila kitufe. Akaandika "Mama", na vidole vyake vikapita juu ya vumbi lile bila kuacha alama. Nikajiambia ni uchovu. Nikamwandikia risiti, akachukua laptop yake akaondoka.

Sasa sikia ujinga wangu. Sisi mafundi tuna mazoea: diski ikifa tunaipasua na kutoa sumaku ya ndani, maana hakuna kinachoshika skrubu kama ile. Jioni mkono wangu ukaifanyia diski ya yule dada kazi yake ya kila siku. Niliposhtuka, sumaku ilishatoka na bisibisi imekwaruza sahani ya diski, ile inayobeba kila kilichohifadhiwa. Ikishafika hapo, hakuna fundi wa kuokoa kitu.

Siku mbili baadaye akaja mama mtu mzima kutoka Zuzu, pembeni ya mji, laptop ameifunga kwenye kanga. Nikamwamkia shikamoo. Akaweka mezani risiti, mwandiko ni wangu. Akanieleza kwamba laptop aliifungia sandukuni siku waliyomzika binti yake, wiki mbili nyuma, na ufunguo hakuutoa shingoni. Jana yake amefungua sanduku, akakuta mashine inawaka, imeandikwa "Mama", na risiti yangu iko juu yake.

"Alikuwa akinirekodia kitandani, sauti ilipokuwa bado ipo," akasema. "Humu kwenye laptop majirani wamenitafutia, hawakuona kitu. Nipe ile diski ya zamani iliyoandikwa kwenye risiti, baba."

Nilimpa vipande ndani ya bahasha. Akavipokea kwa mikono miwili na kunishukuru. Huko kushukuru ndiko kunakoniua mpaka leo.

Ile sumaku ninayo bado, nayo tangu siku hiyo haijashika hata skrubu moja. Yule mama hupita dukani kila mwezi kuniuliza kama nimempata fundi wa kuunga vile vipande. Namwambia bado natafuta. Nawe fundi mwenzangu, ukiambiwa usifungue, weka bisibisi chini.