Simu Kumi na Moja Nje ya Ua

Juzi nilikuwa kwa fundi simu pale Katesh, nasubiri kioo changu, akaingia bibi mmoja wa kijiji cha Gendabi na simu imefungwa kwenye leso. Tukamwamkia. Akasema mwanawe wa Dar alimwekea waifai nyumbani ili waonane, lakini sasa picha inakatika kila wakiongea.

Fundi akafungua kwenye simu ya bibi programu ya waifai aliyowekewa na mwanawe, inayoonyesha orodha ya vifaa hata ukiwa mbali na nyumbani.

"Bibi, ukiacha hii yako, kuna simu kumi na moja kwenye waifai ya nyumbani kwako. Unazijua?"

"Naijua hiyo uliyoshika."

"Paswedi walipata wapi?"

"Niliwapa mwenyewe hao vijana, siku jumuiya iliposali kwangu. Mgeni utamnyima maji?"

"Na saa hizi wako kwako?"

"Wako nje ya ua, kwenye mawe. Zamani wangeingia, wakanipa shikamoo, wakanywa uji. Siku hizi wanakaa pale na simu zao, wakimaliza wanaondoka."

Fundi akainua kidole. "Niwafungie?"

Bibi akamshika mkono.

"Waache tu. Ukiwafungia, hata mbwa wangu atakosa wa kumbwekea."

Akaifunga simu yake kwenye leso, akaondoka na tatizo lake lilelile.

Nilifika nyumbani nikakagua waifai yangu. Sikukuta mgeni. Vifaa vinne, vyote vya humu ndani. Nikaviandikia ujumbe kwamba chakula kiko mezani.

Kimoja kilinijibu kwa alama ya dole gumba, kutoka chumba cha pili.