Moyo wa Dada Mwanamvua

Enzi zetu kule Masaki ya Kisarawe, mtu akitaka kujua moyo wa mwenzake unakwendaje, alilaza sikio. Nyinyi mliokulia kwenye mikorosho kama mimi mtanielewa. Tulikuwa tunakimbia kutoka kisimani hadi shambani kwa baba, tunajitupa juu ya majani makavu tukihema, kisha mmoja analala chali na mwingine anamwekea sikio kifuani. Aliyelala anauliza, "Unasemaje?" Msikilizaji lazima ajibu, na kusema hujui hairuhusiwi. "Unataka korosho." "Unamwogopa mama." Mchezo wenyewe ndio huo, hauna mshindi wala mshindwa, na tuliucheza mpaka tunaitwa kuoga. Korosho nazo zilikuwepo kweli, tunazichoma juu ya kipande cha bati, mafuta yake yanatuunguza midomo, na bado hatukomi.

Sasa ukimwekea sikio dada Mwanamvua, kifungua mimba wa mama yetu, upande wa kushoto unasikia kwa mbali tu, kama watu wanaotwanga nyumba ya tatu. Kishindo chenyewe kiko kulia. Sisi watoto hatukuona ajabu. Kijijini alikuwepo mwenye vidole sita, alikuwepo anayelimia mkono wa kushoto, na dada moyo wake uko kulia. Tulihamisha sikio, mchezo ukaendelea.

Wala msidhani vifua hatukuvijua. Siku ya Idi, mbuzi akishachunwa, wajomba walitupa mapafu tuchezee kwanza. Tulichomeka bua la jani la mpapai kwenye koromeo, tukapuliza kwa zamu. Pafu linavimba, wekundu unapauka, halafu ukiachia linanywea taratibu na kukupumulia usoni harufu ya damu mbichi. Mama alikuwa akisema, "Hayo mnayoyachezea mnayo humo ndani. Siku mkiyajaza moshi ndipo mtanikumbuka." Kisha anayakatakata, anayakaanga kwa vitunguu, tunakula mpaka tunalamba vidole. Mjukuu wangu Salma akipita penye bucha lililotundika mapafu anaziba pua, naye ndiye anayesomea udaktari.

Tulipofika darasa la nne, maana tulisoma darasa moja ingawa dada alinizidi umri, mwalimu alitufundisha somo la afya. Alichora kifua ubaoni kwa chaki, mbavu zimepangwa vizuri, mapafu mawili, na moyo umeegemea kushoto. Akasema kila mtu aweke mkono juu ya moyo wake. Dada akaweka wake kulia.

"Kushoto kwako hukujui?"

"Nakujua, mwalimu."

"Haya, moyo uko wapi?"

Dada akaurudisha mkono palepale kulia. Akachapwa kiganjani. Akaulizwa tena, akaonyesha kulia tena, akachapwa tena. Mara ya tatu alionyesha kushoto, na mwalimu akasema, "Umeona sasa?" Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo bila kinyongo. Alikuwa na kitabu kimoja, nacho kilisema kushoto. Angelaza sikio angeyamaliza pale pale, lakini mwalimu mwanamume na binti anayekaribia kuvunja ungo, nani angethubutu?

Mwaka ule dada alifaulu. Alichaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, na miaka ile ya mwisho ya Mwingereza hilo halikuwa jambo dogo kwa binti wa Masaki. Mama alikwishashona sare. Ilibaki kupimwa afya bomani Kisarawe, na baba ndiye aliyempeleka. Walirudi jioni, baba amekunja uso. Daktari ameweka mipira yake masikioni, amesikiliza, amesema moyo wa mtoto huyu hausikiki vizuri, ni dhaifu, hawezi maisha ya bweni.

Basi nyumba yetu ikawa nyumba ya mgonjwa. Dada akakatazwa kutwanga, akakatazwa kubeba maji, akakatazwa kukimbia. Alikaa kwenye mkeka mlangoni akitutazama tunavyocheza, sare yake imekunjwa ndani ya sanduku. Baba akaanza kusema labda Mungu ndivyo alivyopanga, binti akae nyumbani apate mume wa kumtunza. Mimi nililia kuliko yeye. Yeye aliamini. Usiku alikuwa anapumua kwa uangalifu, akiogopa kuumaliza moyo wake mapema.

Alasiri moja mama alikuwa anamsuka uani. Akamuuliza, "Huyo daktari alikusikiliza wapi?"

"Kushoto."

"Na wewe hukumwambia?"

"Moyo uko kushoto, mama. Mwalimu kasema."

Mama akaacha kusuka. Akajishika mgongo, chini ya bega la kulia. "Mimi nimekubeba mgongoni mpaka ulipoanza kukimbia. Ulikuwa ukinigonga hapa, siku zote hapa. Mwalimu alikubeba lini?"

Kesho yake alfajiri tulitoka sisi watatu kwa miguu, mama amejitanda kanga. Hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya wanaume wasio ndugu zake. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Alipotuona akasema, "Mama, huyu si nilishampima?"

"Ulimpima, baba. Ila ulibisha hodi mlango usio wake." Akamgeukia dada. "Mwonyeshe."

Dada alitazama mlangoni kwanza, nadhani akilini alimwona mwalimu na fimbo yake. Daktari alikwishaweka kipimo kushoto. Dada akakishika kwa vidole vyake mwenyewe, akakisogeza taratibu mpaka kulia, akakiacha hapo.

Daktari akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akalaza kidole kimoja juu ya mbavu na kukigonga kwa kingine, huku na huku, akitueleza anachofanya: penye pafu pana hewa, panalia kama debe tupu, penye ini hapalii. Ini la watu huwa kulia. La dada alilipata kushoto. Akacheka, cheko la mtu aliyefurahi. Akasema pafu la kushoto kwa kawaida ni dogo kidogo kwa sababu linaupisha moyo, na kwa huyu pengine hata mapafu yamebadilishana nafasi. "Mwenyezi Mungu amempanga kama anavyoonekana kwenye kioo. Mzima kabisa. Mama, nimefurahi umerudi." Akanivisha mipira masikioni na kuniuliza nasikia nini. Kidogo tu niseme unataka korosho.

Dada alikwenda bweni, akarudi mwalimu. Kila mwaka, akifika kwenye somo la afya, hakuwaambia watoto moyo uko wapi. Aliwaambia, "Tafuteni," akasubiri mpaka wa mwisho aupate.

Siku hizi yuko Visiga kwa mwanawe, na mimi hufika kumjulia hali. Juzi nilikwenda na Salma. Salma anayajua majina ya kila mshipa na kila tundu la moyo, na ana saa ya mkononi inayomhesabia mapigo hata akiwa amelala. Alimfunga bibi yake saa hiyo, akasoma, akasema, "Bibi, uko vizuri," akarudi kwenye simu yake. Simlaumu. Wamepata mengi ambayo sisi tungeyalilia, na dada asingechapwa leo. Lakini nilijiuliza ni lini mtu alimlazia dada sikio kifuani. Mumewe ametangulia, watoto wana watoto wao. Wanampima vizuri, dawa hazikosi, na hakuna anayemgusa.

Nikamwambia dada, lala chali. Akanielewa, akalala. Goti langu lililia, lakini nilifika chini, nikaweka sikio kulia, pale petu. Ule mtwango wa zamani haukuwepo. Ulikuwa unagonga, unasita, unakumbuka, unagonga tena. Niliusikiliza nikiwa nimeuma midomo.

"Unasemaje?" akaniuliza.

Kusema hujui hairuhusiwi.

"Unataka korosho," nikamwambia.