Shukrani za Bi Mvuke

Bi Mvuke, kama wenzake walivyombandika jina, alikuwa amepiga pasi mashuka ya hoteli kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mkubwa aliyewahi kumwambia afumbe macho kazini. Sasa aliambiwa. Kila Jumatatu mapumziko ya mchana yalikatwa nusu saa, viti vikapangwa katikati ya mashine, na wafanyakazi wakaketi kufanya tafakuri ya shukrani.

Wazo lilikuwa la meneja. Mwezi uliopita kizuizi cha usalama cha mashine kubwa ya pasi kilivunjika, mashine ikajifunga yenyewe na kumbabua Bi Mvuke kiganja cha kulia. Ungedhani fundi ataitwa. Wapi! Aliletwa mwalimu wa utulivu, binti mpole mwenye sauti ya kubembeleza, pamoja na kitambaa kilichochorwa mama mweupe aliyeketi juu ya ua, kwa mtindo wa kale wa watu wa milima ya Himalaya.

Jumatatu hiyo meneja alimwita Bi Mvuke pembeni.

"Mama, leo bosi mwenyewe atakuwepo. Kila mtu atataja anachoshukuru. Wewe sema unashukuru kazi, basi. Ukianza maneno yako, kesho usijisumbue kuja."

Mshahara wa kazi hiyo ndio uliomlisha Bi Mvuke na mama yake mzazi asiyetoka kitandani. Lakini hasira yake haikumezeka.

Mwalimu alikitundika kitambaa ukutani. "Tutazame ua analokalia huyu mama. Vuteni pumzi. Pandeni taratibu kwa macho hadi mikononi mwake, kisha mfumbe macho."

Bi Mvuke alipanda. Alipofika mikononi akakwama. Katika kila kiganja cha yule mama mweupe palichorwa jicho.

"Samahani, mwalimu. Haya macho ya viganjani ya nini?"

Meneja alijikohoza. Mwalimu alifurahi kuulizwa.

"Huyu ni Tara, mama, mtakatifu wa huruma wa Wabudha. Wachoraji wa kule humpa macho saba, hata kwenye nyayo, ili mateso ya mtu yeyote yasimpite."

"Na yeye hafumbi?"

"Hafumbi."

"Basi na mimi nitashukuru hivi hivi, macho kodo."

Bosi alicheka, akidhani ni utani. Shukrani zikaanza kuzunguka. Dereva wa gari la mashuka alishukuru mshahara, na meneja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Zamu ya Bi Mvuke ilipofika, aliogopa, aliogopa kweli kweli. Alisimama hata hivyo, akafungua bendeji na kuuinua mkono.

"Nashukuru kiganja hiki. Miaka kumi na tisa hakijawahi kuomba ruhusa. Namshukuru dada huyu anayekunja mashuka, aliyechomoa waya wa mashine ukutani siku ile nilipoungua, huku meneja akifoka kazi isisimame. Namshukuru mama yangu, aliyenifundisha kwamba anayeniunguza simshukuru. Nimemaliza. Mashine ile siigusi mpaka itengenezwe."

Bosi alimgeukia meneja. "Si uliniambia alimwagikiwa na chai?"

Meneja alianza kujieleza. Bosi akashusha pumzi. "Haya, tutaliangalia. Lakini mama, mashuka yanatakiwa jioni. Rudi tu kwenye mashine kwa leo."

"Sirudi."

"Basi aiendeshe mwingine. Nani?"

Mkunja mashuka aliikunja mikono yake kifuani. Dereva, ambaye hata mashine hiyo haimhusu, naye akaikunja yake. Wengine walibaki vitini, na safari hii hakuna aliyeombwa kutulia.

Bosi alitoa simu mfukoni. "Nipe namba ya fundi," alimwambia meneja.

Meneja hakuwa nayo. Bi Mvuke akaitaja kutoka kichwani, tarakimu moja moja. Yeye mwenyewe alikuwa amempigia fundi mara nne, na mara zote nne alijibiwa kwamba haji mpaka aitwe na ofisi.