Mchumba Aliyeitikia Marahaba

Juzi nilikuwa ofisini kwa Bwana DC, Manyoni, nikingoja leseni ya baiskeli. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, mfanyabiashara wa asali wa Itigi, akaingia kuandikisha ndoa, pamoja na binti wa miaka kama kumi na tisa na baba yake.

Karani akamwuliza binti, "Umeridhia kuolewa na huyu?"

Binti akamgeukia mzee, akapiga goti. "Shikamoo, babu."

Mzee akaitikia kwa mazoea, "Marahaba, mjukuu wangu."

Ofisi nzima ikacheka. Karani akafunga daftari. "Mzee, umesema mwenyewe."

Baba alifoka, lakini binti alikwisha toka. Zamani wasichana walitorokea porini, wakarudishwa kwa fimbo. Huyu ameamkia tu, na sijui atachapwa kwa kosa gani.