Sanduku la Vitabu Lililobaki Mlola

Nilikwenda kijiji cha Mlola kwa sababu sanduku la vitabu vya watoto lilikuwa karibu kuondolewa. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami nilikuwa msaidizi wa maktaba Lushoto, kijana aliyemaliza sekondari na kupenda kuamrisha. Siku za gulio akina mama walikuwa wakileta watoto ambao hawajaanza shule kwenye chumba kimoja cha kijiji, nami nikienda kuwasomea. Ghafla wakaacha. Mkuu wangu akanituma nikaangalie. Nikikuta chumba kitupu, nirudi na sanduku, lipelekwe kijiji cha Mnazi.

Asubuhi nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua kabichi. Ukungu ulikuwa mzito, tukapanda polepole, nami nikapanga maneno ya kuwakaripia akina mama wale. Kabla ya kufika, udongo ulikuwa umeporomoka barabarani. Dereva akabaki na koleo lake akifungua njia, mimi nikaendelea kwa miguu kati ya migomba na maharage.

Mchana nilifika Mlola. Chumba kilikuwa kitupu kweli, vitabu safi kama nilivyoviacha. Mwenyeji wangu, Mama Zaina, aliyekabidhiwa ufunguo na kijiji, nilimkuta akichambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa chakula kwanza. Ndipo nikamwuliza watoto wako wapi.

“Si wewe uliyesema humo ndani ni Kiswahili tu?” akasema. “Mtoto mdogo hivi amekijulia wapi? Mama yake akimweleza kwa Kishambaa, unamkatiza. Sasa tuje kukaa kimya? Kukaa kimya kuko msikitini, mwanangu.”

Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu lugha ya taifa. Nikaiacha. Amri ile hakuna aliyenituma kuitoa. Niliitunga mwenyewe, mimi ambaye kijijini kwetu Gare mama yangu alinilea kwa Kishambaa kitupu. Nikamwomba awaite wenzake.

“Nitawaita,” akasema, “ila leo wa kukaa kimya ni wewe.”

Alasiri wakaja, watoto wengine mgongoni, wengine wameng'ang'ania kanga. Mama Zaina hakujua kusoma. Alifungua ukurasa wenye picha ya kuku na vifaranga, mwewe juu yao, akaisimulia kwa Kishambaa. Watoto wakabishana kama mwewe atampata yupi. Mama mmoja akasema kuku yule mkali kama mama mkwe wake, wenzake wakacheka. Kisha Mama Zaina akanipa kitabu: “Haya mwalimu, soma sasa kwa hicho Kiswahili chako.”

Nikasoma ukurasa uleule kwa Kiswahili, polepole. Kisa walikuwa wamekwisha kukielewa, kwa hiyo maneno mapya yakapata pa kukaa. Binti mdogo akaweka kidole kwenye neno lililokuwa chini ya picha, akasema, “Kuku.” Akafunua ukurasa wa pili, akalitafuta neno lile, akalipata. 

Kesho yake, barabara ikiwa imefunguliwa, nilirudi Lushoto juu ya lori la kabichi, mikono mitupu. Mkuu akauliza sanduku liko wapi. Nikamwambia linatumika, nikamwambia pia nani alikuwa amewafukuza wasomaji wake.

“Basi Mnazi tutawatafutia jingine,” akasema. “Ukilipeleka, usiwapelekee na amri.”

Nilijifunza kwamba mtoto huingia kitabuni kwa lugha aliyobembelezewa. Wapo waliokaa nyumbani msimu ule kwa sababu yangu, wasirudi tena, wakakua bila kusomewa, na hao siwezi kuwarudishia. Yule binti wa kidole nilimwahi.