Aliyeitikia Kwenye Foleni ya Mbolea

Mume wangu watu walimwita Fundi Matuta, maana matuta yake ya mahindi hata ungeyapima kwa kamba usingekuta kosa. Maneno machache, kikohozi kingi. Ukimwita, hata akiwa mvunguni anatafuta jembe, atajibu: "Nipo, nipo, sijaenda popote." Nilimwambia mara ngapi, baba, neno moja linatosha. Akawa anacheka tu.

Huu ni mwaka wa tatu tangu afariki. Nilimfumba macho mimi mwenyewe. Lakini kwenda ofisini kusema amekufa, sikwenda. Walinitumia mtu, nikamwambia mambo ya nyumba yangu hayaandikwi na watoto wa jana. Ndiyo kiburi changu, sikikatai. Mbolea ya ruzuku ni mfuko mmoja kwa kaya, kwa jina la mkuu wa kaya, aje mwenyewe atie dole gumba, na daftarini mkuu alibaki yeye. Misimu miwili nikalima mikono mitupu. Mahindi yakatoka kama vidole vya mtoto. Nikikosa na msimu huu, itabidi nihamie kwa mkwe wangu, na mimi kwa mkwe sihamii ng'o.

Sasa wakubwa wakataka mambo yawe wazi. Orodha ikabandikwa ukutani pale ghalani, nani kapewa nini, kila mtu asome. Kusoma kwangu ni majina mawili, lake na langu. Langu halikuwepo. Lake lilikuwepo, na mbele yake alama ya dole gumba, misimu yote miwili. Katikati ya dole lile pana mkato wa mundu. Mkato ule niliufunga mimi kwa kitambaa, damu ikinichuruzikia.

Nikapanga foleni. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Karani akaita jina la mume wangu.

Nyuma yangu mtu akakohoa. "Nipo, nipo, sijaenda popote."

Sikugeuka. Muuza nyanya aliyekuwa mbele yangu ndiye aliyegeuka, akajiziba mdomo.

"Sogea, mzee, uchukue," karani akasema, macho daftarini.

Nikamfuata karani mezani. "Huyo mfute. Niandike mimi."

"Nimfute vipi, bibi, na mwenyewe kaitikia?"

"Umemwona?"

Akainua macho, akatazama kule nilikotoka. Kalamu ikamponyoka.

"Amekufa," nikasema. Neno hilo lilikuwa halijawahi kunitoka mbele ya watu. Nikachovya dole langu kwenye wino, nikalikandamiza pale aliponionyesha. Akapiga mstari juu ya jina lake, akaandika langu.

Halafu akaliita lile jina alilolifuta mara moja tena, polepole, kama mtu anayeomba asijibiwe. Hata kikohozi hakuna.

Kwenye foleni, nyuma ya pale niliposimama, palibaki nafasi ya mtu mmoja. Karani akawaambia wasogee, hawakusogea. Nikauburuta mfuko wangu nikapita palepale. Palikuwa baridi kama chini ya mtungi.