Mafuta ya Mbarika

Mimi ni mtu wa mdomo. Hapa soko la Kiritiri, mchuuzi akichanganya ndengu mpya na za mwaka jana, mimi ndiye ninayemwambia mbele ya wateja wake. Ndiyo maana hata leo sielewi vizuri jinsi nilivyonyamaza siku ile.

Mume wangu ni mwalimu, na gari lake hulisifu kuliko anavyonisifu mimi. Alilinunulia filta ya hewa kule Meru mjini, si ile ya karatasi ya kutupwa, bali ya kitambaa. Ikijaa vumbi unaiosha, unaianika, unaipaka mafuta mekundu kidogo kutoka kwenye kichupa chake, unairudisha. Fundi wetu wa hapa sokoni, yule aliyenifundisha kuendesha, alimwonya mapema: mafuta yakizidi, injini itayavuta ndani, nayo yatachafua sensa inayopima hewa. Mume wangu akamjibu, "Fundi, wewe shughulika na breki. Hiyo filta usiwahi gusa." Fundi hakuigusa tena. Niliyeigusa ni mimi.

Ilikuwa likizo, na tulikuwa tumenuniana siku tatu kwa sababu ya safari ya Timau kumwona mama yake, safari ambayo sikuitaka. Mama mkwe wangu nampenda, ila nikiwa mbali naye. Jumamosi asubuhi mume wangu akaenda mkutano wa kanisa kwa miguu, nami nikaona nimfanyie jambo la kumlainisha. Nikafungua boksi la filta kama nilivyomwona akifanya. Nikaiosha kwa sabuni ya unga, maji yakatoka mekundu, nikaianika juani.

Kichupa kilikuwa kitupu. Lakini kwenye rafu ya jikoni kulikuwa na chupa ya mafuta ya mbarika anayochemsha mama yangu mwenyewe, yale mazito tuliyopakwa kichwani na miguuni tukiwa watoto. Nikawaza kama mtu wa nyumba ya udongo. Kabla ya kufagia tunanyunyiza maji ili vumbi lisitimke, na ukinyunyiza vya kutosha halitimki kabisa. Nikaimwagia filta mpaka ikang'aa, nikairudisha. Sikumwambia. Nilitaka aigundue mwenyewe, halafu aone aibu kwa kuninunia.

Jumatatu fundi akabadilisha oili na breki. Alhamisi, tukiwa tumepatana, tukaondoka kwenda Timau.

Mpaka Meru gari halikuwa na neno. Tulipoanza kupanda mlima likaanza kusitasita. Mume wangu alikanyaga, likakohoa na kuishiwa nguvu, na taa ya njano ya injini ikawaka. Lori lililokuwa nyuma yetu lilipiga honi mfululizo. Mimi nilikuwa nikiitazama ile taa. Maneno ya fundi yalikuwa yamenirudia yote, kama aliyekaa kiti cha nyuma.

Tuligeuza polepole kurudi Meru, karibu na soko la Gakoromone, kwa mtu mwenye mashine ya kusoma hitilafu za magari. Akaichomeka, akatazama.

"Sensa ya hewa inasoma vibaya. Nani ameshika hii gari juzi?"

Hayo tu. Mume wangu akapiga boneti kwa kiganja. "Fundi wetu amenitolea sensa yangu poa, akaniwekea mtumba! Huyo ni mwizi!"

"Labda ni filta," nikasema, na sauti yangu sikuitambua.

"Filta sijaigusa tangu likizo ya Aprili. Filta iko sawa."

Hapo ndipo ningesema. Niliogopa. Ningesema nini akaniamini? Mke asiyetaka kwenda kwa mama mkwe amefungua boneti kisirisiri siku chache kabla ya safari. Hata mimi nisingemwamini mwanamke huyo. Tukarudi bila kufika Timau, gari likijikokota, na njia nzima mume wangu alikuwa akipanga atakavyomwambia fundi. Mimi nilikuwa nikiomba tusifike.

Tulifika. Gereji ilikuwa na watu, wengine wenye malori ya mchanga wakisubiri zamu. Mume wangu alishuka kabla gari halijatulia.

"Fundi, nirudishie sensa yangu! Mwizi wewe!"

Watu wakageuka. Fundi aliweka spana chini. Alifuta mikono, akafungua boneti, akaichomoa ile sensa na kuiinua kwenye mwanga. Ndani yake mna nyaya nyembamba kama nywele, na zilikuwa zimegandwa na utando wa kahawia. Akainusa. Akainusa mara ya pili, kisha akanitazama.

Harufu ya mbarika haijifichi. Mke wa fundi alikuwa amechukua chupa ya mafuta hayo kwa mama yangu walipopata mtoto wao wa mwisho.

"Mwalimu," akasema taratibu, "sensa ni yako. Imechafuka tu. Niachie, nitaisafisha."

"Imechafuka mikononi mwa nani?"

Fundi aliizungushia sensa kitambaa. "Basi, wacha niseme ni mimi. Pole."

"Mmesikia?" mume wangu akawaambia watu. "Amekubali!"

Nikatazama viatu vyangu. Mtu mmoja mwenye kofia ya bluu akapanda lori lake na kuondoka bila kungoja zamu.

Fundi aliisafisha kwa dawa ya kupuliza, akatufungia filta ya karatasi, akatutilia ile ya kitambaa kwenye mfuko. Gari likawaka likitulia. Tulikuwa tumefika kwenye lango letu nilipoanza kulia, nikasema yote, hata habari ya kutotaka kwenda Timau. Mume wangu alizima injini. Nilingoja anifokee. Aliuchukua ule mfuko, akanusa ndani, akaufunga.

"Turudi," akasema.

Tulimkuta fundi peke yake akifunga mlango wa gereji. Mume wangu alimwomba msamaha kwa mikono miwili, nami nikasema, "Mafuta yalikuwa yangu. Nisamehe."

"Nilijua, mama," akasema. "Mimi sina shida. Lakini wale waliosikia wakaenda, utawaambia lini?"

Nimekuwa nikiwaambia. Nikikutana na yeyote aliyekuwa pale ninamsimamisha, awe na haraka asiwe nayo, namweleza habari za mafuta mpaka achoke. Wengi wamerudi kwa fundi. Kila lori la mchanga likipita sokoni naacha ndengu zangu na kukimbilia barabarani kumtazama dereva. Yule wa kofia ya bluu sijamwona tena, na jina lake hakuna anayelijua.